Mama hataki picha ya bibi mwenye kaniki ionekane harusini kwangu

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwalimu wa skuli ya msingi hapa Unguja, nina miaka 27. Harusi yangu ni baada ya Iddi Kubwa inshallah. Mchumba tumeridhiana, mahari yamekwisha zungumzwa. Kinachotusumbua ni picha moja na kitambaa kimoja, na vimetufikisha mahali ambapo mimi na mama tunasalimiana tu asubuhi, basi.

Tulipokuwa tunamhamishia bibi mzaa mama nyumbani kwetu, nilikuta chini ya sanduku lake picha ya zamani iliyobandikwa kwenye kadi ngumu. Ni mwanamke kijana amesimama. Kajifunga nguo nyeusi kwapani, mabega wazi, kichwa wazi, nywele zimekatwa karibu na ngozi, hana viatu. Pembezoni mwa masikio yake vimepangwa vitu vya duara. Nyuma kuna mstari mmoja wa herufi za Kiarabu kwa wino uliofifia, na kwetu hakuna aliyeweza kuusoma. Bibi, ambaye amevuka miaka 80, aliitazama akasema, "Huyu bibi yangu, kanilea," kisha akanyamaza. Nilipomuuliza zaidi akanambia niwaache maiti wapumzike.

Shangazi, sisi tumekua tukiambiwa kwamba upande wa mama asili yetu ni Maskati. Mwanamke huyu kwenye picha ni mweusi kuliko sisi sote. Binamu yangu akaipiga picha kwa simu akaitia rangi kwa programu, nguo ikatoka buluu iliyoiva, na hapo nikajua ni kaniki. Skuli tulifundishwa kwamba watumwa ndio waliovaa kaniki, na kwamba hawakuruhusiwa kufunika kichwa wala kuvaa viatu. Nililia usiku ule. Niliona tumemficha mwanamke aliyemlea bibi yetu.

Nikapanga kwamba usiku wa kesha, sisi wanawake tuvae sare ya kaniki, kiasi cha watu arobaini, na picha ikuzwe iwekwe mlangoni mwa ukumbi. Nilishakwenda Darajani kuulizia bei. Mama aliposikia aliniambia nikithubutu yeye hatoki chumbani. Anasema wakwe zangu ni watu wa nasaba, wataniona sina kufu na mtoto wao, na ndoa itavunjika kabla haijafungwa. Mama mkubwa naye kaniletea mafuta ya kung'arisha ngozi, anasema bi harusi lazima "atoke", na nisiwape watu sababu ya kuuliza maswali. Mchumba wangu nimemwambia nusu tu. Kajibu kwamba yeye hajali, ila nisimwambie mama yake.

Nikiiacha picha sandukuni najiona nashiriki kumficha. Nikiitoa namvunja mama, na labda bibi pia. Nifanye nini?

Msomaji, Ng'ambo, Unguja

*

Marahaba mwanangu, na hongera kwa harusi inayokuja.

Nikikuelewa vizuri, mambo matatu yamefungwa fundo moja. La kwanza ni huyo mwanamke wa kwenye picha: alikuwa nani. La pili ni nguo: uvae nini usiku wa kesha, na watakaokuona wasome nini. La tatu ni watu walio hai, bibi, mama, mchumba na wakwe, na kila mmoja ana khofu yake. Umeyashika yote kana kwamba jibu la moja litaleta mengine. Naomba tuyatenganishe, na tuanze na picha, kwa sababu kila ulilolipanga limesimama juu ya jinsi ulivyoisoma.

Rangi ya buluu uliyoiona ni ya programu. Programu hizo hukisia. Haziwezi kujua rangi iliyokuwa kwenye kitambaa. Tena picha za wakati ule zina tabia yake. Bamba za kioo walizotumia wapiga picha mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20 zilishika sana mwanga wa buluu na karibu hazikushika mwekundu. Anga ya buluu ilitoka nyeupe. Kitambaa chekundu kilitoka cheusi. Kaniki iliyoiva sana nayo ilitoka nyeusi, kwa hiyo sisemi si kaniki. Nasema nguo hiyo "nyeusi" inaweza kuwa kaniki, inaweza kuwa nyekundu, inaweza hata kuwa kisutu, kanga ya zamani yenye rangi nyekundu, nyeusi na nyeupe, na ambacho mabibi zetu wamekivaa kwenye harusi toka hizo enzi.

Na ngozi ni vivyo hivyo. Ngozi ya binadamu yeyote hurudisha mwanga mwekundu kuliko wa buluu, ndiyo maana bamba zile ziliwatoa watu weusi kuliko walivyokuwa, hasa studio ikiwa na mwanga mdogo. Usipime asili ya mtu kwa weusi wa picha ya miaka mia na zaidi. Weusi wake usikuhuzunishe pia, maana nasikia kwenye barua yako kama umeuchukua kuwa ushahidi wa dhiki.

Ili uione nguo yenyewe, usiipige picha kwa simu. Itafute skana ya bapa, ukaiskani mbele na nyuma kwa dpi 1200 (kipimo cha uwazi wa picha), kwa rangi hata kama picha haina rangi, uhifadhi kwa TIFF, faili lisilopunguza ubora. Kisha kuza sehemu tatu. Tazama ukingo wa chini wa nguo: kama kuna mstari wa pambo, hilo ni pindo, na nguo ni kanga au kisutu. Tazama katikati kama kuna madoa madogo meupe yaliyopangwa. Tazama tena kama kuna mshono unaokata kitambaa, kwa sababu leso, yaani kanga, za mwanzo zilikuwa vitambaa vya mraba vilivyounganishwa kwa sindano kabla ya viwanda kuzichapa nzima. Kama hakuna hata kimoja, kitambaa ni kitupu, na hapo kaniki inakuwa na nguvu.

Hizo duara za masikioni ni majasi, mara nyingi ya karatasi ya rangi iliyoviringwa ikapachikwa kwenye matundu. Yalikuwa urembo wa wanawake wa pwani, waungwana na wasio waungwana. Mtu aliyeyavaa alikuwa amekwisha ingia katika mapambo ya mji, na alitaka kupendeza siku ile.

Halafu studio. Wapiga picha wa mjini Unguja, akina Gomes na Coutinho, walipiga picha za wateja waliolipa, lakini pia walipiga picha za kuuza kwa wasafiri, na hizo waliwapanga wanawake walivyotaka wao: mabega wazi, kitambaa hiki, mkono pale. Kwa hiyo kichwa wazi na miguu mitupu ndani ya studio havitoshi kuwa ushahidi. Kama kadi yako ni ya posta, geuza: Uingereza iliruhusu nyuma ya kadi igawanywe kwa mstari wa katikati, anwani upande mmoja na ujumbe upande mwingine, mwaka 1902, Ujerumani 1905. Kadi isiyo na mstari huo huenda ni ya kabla ya hapo. Na kama ni kadi ya posta, ujue sura yake iliuzwa kwa watu wasiomjua, jambo ambalo bibi yako huenda analijua na hapendi lirudiwe.

Uliyofundishwa skuli yana ukweli mwingi. Nguo ilikuwa alama ya daraja pwani hii, na alama hiyo ililindwa kwa ukali. Mtumwa alipewa merikani, kitambaa kigumu cha pamba kisichopaushwa, au kaniki, ambayo ni kitambaa cha namna hiyo kilichotiwa nili. Merikani ililetwa na wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts. Seyyid Said, sultani wa Maskati na Unguja, aliandikiana mkataba na Marekani mwaka 1833, na biashara ikakua mpaka vita vya wenyewe kwa wenyewe vya huko, 1861 hadi 1865, vilipokata pamba, na baadaye viwanda vya Bombay vikachukua nafasi kubwa. Fikiria hili: pamba ilichumwa na watumwa Weusi kusini mwa Marekani, ikafumwa kaskazini, ikavuka bahari mbili kuja kuwavika watumwa Weusi wa Unguja. Sijui kitambaa kingine kilichobeba mengi kama hicho.

Lakini usiifanye kaniki kuwa sare ya watumwa peke yao. Wakulima huru wa mrima, yaani pwani ya bara, na wa bara waliivaa kwa sababu ni rahisi na haionyeshi uchafu. Wapo watumwa waliofanya vibarua mjini, wakabakiza fedha, wakajinunulia leso. Na wapo watumwa waliovaa hariri na dhahabu: masuria, wajakazi waliowekwa na bwana kama wake. Hapa ndipo nataka usimame na mama yako kidogo. Sayyida Salme, binti wa Seyyid Said, mama yake alikuwa suria wa Kicherkesi, watu wa milima ya Kaukasi, mweupe. Majid, Barghash na Khalifa, waliomfuata baba yao kwenye kiti cha Unguja, walizaliwa na masuria. Mtoto wa suria aliyekubaliwa na baba alikuwa huru na alichukua nasaba ya baba. Kwa hiyo "asili yetu ni Maskati" na "bibi yetu alikuwa mtumwa" ni maneno mawili yanayoweza kuwa kweli katika nyumba moja, bila mtu kusema uongo. Umeandika kana kwamba moja linalifuta jingine.

Utumwa ulikomeshwa kisheria Unguja na Pemba Aprili 1897, chini ya Sultani Hamoud, na masuria wakaachwa nje ya sheria hiyo mpaka 1909. Aliyetaka uhuru wake alitakiwa aende mahakamani, aonyeshe ana pa kuishi na kazi ya kumlisha, na mwenye mtumwa alilipwa fidia. Wengi hawakwenda, walipatana na mabwana zao mashambani kwa maneno. Nyaraka za Zanzibar, Kilimani, zina mafaili ya zama hizo, na unaweza kwenda kuuliza. Ila ukikosa jina lake usiseme "basi alikuwa huru", na ukikuta jina linalofanana usiseme "ndiye", kwa sababu majina yalirudiwa mno. Hapo hapo, au kwa maalimu mzee anayesoma Kiswahili cha herufi za Kiarabu, waweza kusomewa mstari wa nyuma. Mtu aliyesoma Kiarabu tu mara nyingi hushindwa, akadhani ni makosa, kwa sababu lugha ni yetu.

Nitasema kidogo juu ya kilichofuata, kwa sababu kwenye barua yako hakipo, na mimi nadhani ndicho kikubwa. Wanawake waliotoka utumwani hawakukaa na kaniki. Walivaa kanga kwa nguvu, rangi na maua mapya kila meli ilipotia nanga, wakafunika vichwa walivyokatazwa kufunika, na baadaye wakavaa buibui, ambalo lilimfanya mpita njia asijue ndani kuna nani, mwenye shamba au binti wa mjakazi. Walifanya hivyo huko huko Ng'ambo unakoishi. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab, alizaliwa Fumba kwa wazazi wenye asili ya utumwa, jina lake la kwanza likiwa Mtumwa. Alikuja mjini mwaka 1911, na mwaka 1928 sauti yake ilirekodiwa Bombay. Kwa hiyo jiulize bila haraka: huyo bibi, kama kweli aliwahi kuvikwa kaniki, angetaka wajukuu arobaini waivae kwa heshima yake? Pengine ndiyo. Pengine ndiyo nguo aliyoitupa siku ya kwanza alipopata uwezo. Wa kukuambia yupo ndani ya nyumba yenu.

Kuhusu bibi. Ulimuuliza swali ambalo jibu lake ni "ndiyo alikuwa mtumwa" au "hapana hakuwa", na watu wa umri wake wamejifunza kutolijibu. Mtu aliyezaliwa Unguja zaidi ya miaka 80 iliyopita amepitia vipindi viwili vinavyopingana. Alizaliwa wakati ambapo kujiandikisha Mwarabu au Mshirazi kulikuwa na faida, hata mgao wa chakula wakati wa Vita vya Pili vya Dunia ulifuata kabila. Kati ya sensa ya 1924 na ya 1931 waliojiita Waswahili walipungua sana, na watu ni wale wale. Kisha akiwa mwanamke kijana yakaja Mapinduzi ya 1964, ambapo jina la Kiarabu lilikuwa hatari kwa roho. Ukimya wake unaweza kuwa wa aibu, unaweza kuwa wa khofu, unaweza kuwa wa huzuni tu ya kumkumbuka aliyemlea. Usiujaze kwa niaba yake.

Ukitaka azungumze, muulize vitu. Bibi yake alikuwa akienda shamba kavaa nini, na Iddi kavaa nini? Nguo zake alizinunua wapi, duka la nani? Alizitia udi? Kanga ya kwanza ya bibi yako nani alimpa, na jina lake lilikuwa nini? Nani alimtoga masikio? Kaa naye akiwa anafanya kazi ya mikono, kuchambua mchele au kusuka ukili, na mama yako asiwepo mara ya kwanza. Ukitaka kumrekodi kwa simu, mwombe, na akikataa usirekodi kwa siri. Akisema tena "waache maiti wapumzike", hilo nalo ni jibu lake, na utaamua kama picha aliyoitunza sandukuni miaka yote hiyo ni yako kuitundika au ni yake kwanza.

Tuje kwa mama. Wewe umesikia "utumwa unamtia aibu". Inawezekana. Ila kuna jambo la wazi ambalo hukulitaja: unataka kuweka mlangoni, ukubwa wa mtu, picha ya bibi yenu mwislamu aliyefariki, mabega na nywele nje. Mama anaweza kukataa kwa ajili ya stara tu. Na kwenye kesha siku hizi kila mgeni ana simu. Ikishapigwa itakuwa kwenye makundi ya WhatsApp kabla sahani hazijatolewa, na hutaweza kuirudisha. Muulize mama ni lipi linalomuuma zaidi. Kama ni stara, kuna njia: uso peke yake ukakatwa na kuchapwa mdogo, ukakaa chumbani kwako wakati somo, yaani kungwi wako, anakuandaa, pasipo wageni.

Kufu, yaani kulingana kwa hadhi kwa mume na mke, nalo nilifungue. Katika mafundisho ya Kishafii yanayofuatwa na wengi pwani, kufu huangaliwa kwa mwanamume: je, anamfaa mwanamke na jamaa zake? Ni haki ya bi harusi na walii wake, nao wanaweza kuisamehe. Hoja ya kwamba mke hana kufu na mume haina nguvu ambayo mama anaidhania. Nendeni mkamuulize sheikh mnayemwamini, na kama wakwe ni Maibadhi muulizeni anayejua fikihi yao. Sheria hata hivyo haizuii midomo ya watu, na hapo khofu ya mama ina msingi: wapo wanaohoji ukoo hadi leo, na atakayeishi na maneno hayo ni wewe, mezani kwa mama mkwe. Ndiyo maana jibu la mchumba wako limenisimamisha kidogo. "Mimi sijali, ila usimwambie mama" laweza kuwa busara ya mtu anayejua wakati wa kusema. Laweza pia kuwa ahadi ya kwamba wewe ndiye utakayenyamaza miaka yote. Mwambie habari nzima kabla ya nikahi, tena umuulize siku mama yake akisikia kwa watu, yeye atasimama wapi.

Sasa nguo yenyewe. Ukichagua kaniki kwa sare, jua wageni watasoma nini. Wengi wakiiona leo hufikiria waganga na ngoma za pepo, au kazi za shamba. Kwenye usiku wa furaha wapo watakaonong'ona kwamba kuna shughuli nyingine inafanyika. Bila maelezo, nia yako haitaonekana. Na kuna tabu ya rangi: kaniki huchuja. Jasho la ukumbini huitoa kwenye kwapa, kwenye ngozi na kwenye viti vyeupe. Kabla fundi hajakata, loweka kwenye maji baridi usiku kucha, suuza mpaka maji yawe safi, anika kivulini, kisha sugua kitambaa cheupe kilicholowa mara kumi juu yake. Kikitoka na rangi, rudia. Chumvi na siki ambazo wengi huelekeza hazishiki rangi iliyokaa juu ya nyuzi. Kufua kwanza kunaondoa wanga pia, na pamba hurudi, kwa hiyo gauni lililoshonwa kabla ya kufuliwa litabana. Kwa gauni refu la mikono hesabu mita 4 za upana wa kawaida kwa kila mtu.

Njia ya pili ni kisutu. Bi harusi kuvaa kisutu hakuna atakayekuuliza kwa nini, mama yako atafurahi, na kama skana itaonyesha madoa meupe, utakuwa umevaa nguo ya bibi yako kuliko vile kaniki ingekuwa. Hatari yake ni kwamba unaweza kujiona umekwepa. Njia ya tatu ni kanga ya sare yenye jina ulilolichagua. Viwanda havichapishi doti chache, kwa hiyo utachagua kati ya zilizopo dukani. Soma jina mara mbili kwa sikio la mkwe. "Usisafirie nyota ya mwenzio" ni kanga nzuri, lakini kwenye harusi yenye maneno ya ukoo itaonekana imemlenga mtu. Na kipo kipande kidogo: kitambaa cha kaniki cha shubiri moja kikashonwa ndani ya nguo yako, ambacho hakuna anayekijua ila wewe, na bibi ukitaka.

Mafuta ya mama mkubwa sitayazungusha. Mengi ya kung'arisha yana zebaki au hidrokwinoni, ambazo Tanzania imezipiga marufuku katika vipodozi. Zebaki huingia mwilini kupitia ngozi na kuumiza figo, na ni hatari kwa mimba ambayo huenda mtaitaka mapema. Hidrokwinoni ikitumiwa muda mrefu huacha madoa ya buluu-nyeusi usoni yasiyotoka. Mshukuru kwa heshima, uyaweke pembeni, umwombe akusimamie singo, yaani kusuguliwa mwili kwa manukato ya asili: liwa, karafuu, asumini, mawaridi. Ana hamu ya kukuhudumia, mpe kazi hiyo.

Wakati unafikiri, itunze picha. Usiitie lamineti, usiibandike kwa selotepu, usiipanguse kwa maji. Ishike pembeni kwa mikono mikavu. Iweke ndani ya bahasha ya karatasi, siyo ya plastiki, maana unyevu wa Unguja ukinaswa ndani huleta ukungu. Ukitaka kuandika jina, tumia penseli laini nyuma ya kadi, kamwe siyo biro.

Fundi mwenye nguo arobaini atataka wiki tatu au nne, na kuelekea Iddi wote wana kazi, kwa hiyo uamuzi wa sare una tarehe na huwezi kuuvuta sana. Wa picha hauna. Ningeanza na skana na mstari wa nyuma, kisha mazungumzo na bibi, ndipo nirudi kwa mama na kitu kilichosomwa mkononi badala ya rangi ya simu. Bibi akikwambia jambo ambalo hukulitarajia, au mstari ukisomeka na ukakuchanganya zaidi, niandikie tena.